Kitambaa cha Fataki Ndani ya Sanduku la Mwanga

Ukitaka kumuudhi Mama Madeleine, weka kitu cha maana juu ya meza tupu. Redio, Biblia, thermos ya chai, hata simu ya mgeni: kwake kila kitu kinachofanya kazi kwa ajili ya watu lazima kitandikiwe kitambaa. Wala si yeye peke yake. Pita nyumba za Mudzipela, mtaa wetu hapa Bunia, hata zile za mbao na mabati yenye kutu, utakuta televisheni iliyokufa zamani imevikwa kitambaa cha kudariziwa kama bibi harusi, na ole wake mtoto atakayekivuta. Ndivyo mama zetu walivyotufundisha heshima ya vitu. Ushike hilo la kitambaa, maana habari yote imo humo.

Madeleine ni mtu wa Fataki, kule juu Djugu, kwenye baridi na viazi na maharage. Mama yake alimpa sindano akiwa na miaka tisa, akamwambia mwanamke asiyejua kudarizi ataolewa na nyumba isiyo na meza. Akaolewa na vitambaa sita. Watu wa Djugu walipokimbia vita, Madeleine alitoka na mume mgonjwa, sufuria mbili, na fundo la nguo ambalo vile vitambaa vilikuwa katikati yake, vimekunjwa vizuri, ingawa nyumba ilikuwa ikiungua nyuma ya migongo yao. Mama yake alikataa kutoka. Alisema miguu yake imechoka na haijui kukimbia.

Bunia ilivila vitambaa kimoja baada ya kingine. Viwili viliuzwa wiki ya kwanza. Kimoja kilifunga kidonda, kimoja alipewa mama mwenye nyumba ili angoje kodi, na cha tano kilimfunika mume usoni siku alipozikwa. Kikabaki kile cha sita, alichodarizi mama yake kwa mkono wake mwenyewe: maua mekundu manne kwenye pembe, majani ya kijani, na katikati ndege wawili wa buluu wenye shingo ndefu kuliko haki yao. Madeleine aliwahi kumwambia mama yake kuwa ndege wa namna hiyo hawapo. Mama akamjibu, "Sasa bako."

Kazi aliipata katika kituo kimoja cha afya hapo Mudzipela. Jina tuliache. Aliingia kwa kufua mashuka na kupiga deki. Wakati wa Ebola alichanganya klori kwa ndoo, na pua yake ikajifunza kujua dawa iliyozidi na iliyopungua kabla ya kipimo cha daktari. Hilo lilimpatia sifa, na sifa ikamwingiza katika chumba cha kusafishia vyombo, mwisho wa ukumbi wa uzazi. Hapo ndipo alipopapenda. Mikasi, vibanio, mabakuli ya chuma: aliviosha kwa sabuni na burashi, akavikausha, akavifunga ndani ya kitambaa cheupe, akavitia kwenye lile jungu kubwa la mvuke linalounguruma kama baba aliyeamshwa. Kitambaa kile cheupe ni sheria ya kazi yenyewe. Mvuke hupenya nguo, unaua kilichomo, na nguo inabaki kulinda chombo mpaka siku ya kutumika. Alifundishwa hivyo, akashika hivyo, na hakuna aliyewahi kuugua kwa mikono yake.

Halafu likaja sanduku.

Lilikuja kwa gari jeupe la wafadhili, nalo lilikuwa jeupe vilevile, ukubwa wa kabati la mkate, lenye mlango na kitasa kinacholia "tik". Ndani kuna waya zilizopangwa kama za kuchomea samaki, taa ndefu mbili juu na taa ndefu mbili chini. Taa hizo hutoa mwanga wa urujuanimno, mwanga ambao jicho halioni. Ile buluu hafifu unayoiona ni ya kukuonya tu kwamba kazi inaendelea. Watu wa kituo waliuita UV kwa kifupi, basi. Ni wa vile vyombo visivyochemka na visivyotaka klori: kipima-joto cha betri, mpira wa kusikilizia moyo, na hasa kile kikanda laini cha kitambaa na plastiki kinachofungwa kwenye unyayo wa mtoto mchanga, chenye kitaa kidogo chekundu, kinachosema damu yake ina hewa ya kutosha ama haina. Kikanda hicho kilikuwa kimoja tu kwa kituo kizima. Ukikichemsha, umekiua. Ukikitia klori, kinapasuka.

Mafunzo ya sanduku yalifanyika siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli, na chai ya saa nne. Walikwenda wawili: Blanchard, muuguzi, na Lucien, muuguzi mkuu wa kituo, ambaye wote humwita Titulaire. Blanchard alikaa mpaka mwisho. Titulaire alitia sahihi, akala mchana, akarudi kwenye shughuli zake. Madeleine hakualikwa. Mafunzo ni ya wenye diploma. Anayeosha vyombo kazi yake ni kuosha. Unacheka? Nenda popote uone kama ni tofauti.

Baada ya miezi mitatu Blanchard alipata kazi kwenye mradi fulani huko Irumu, na akamkabidhi Madeleine sanduku kwa dakika kumi, mkoba ukiwa tayari begani.

"Mama, unaosha kwanza, unakausha. Unafungua, unaweka, unafunga, unabonyeza hapa. Ikilia, imekwisha. Usiangalie taa na macho, itakuchoma. Ni ile tu."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, Mama. Aksanti kwa yote."

Hakusema jingine, labda kwa sababu halikumjia akilini kwamba kuna mtu atahitaji kuambiwa. Kitabu cha maelezo kilikuwepo, ndiyo, kwa lugha mbili, na zote mbili Madeleine hazijui.

Alipobaki peke yake na sanduku, alifungua mlango akatazama zile waya tupu. Kikanda cha watoto wachanga kilale juu ya waya za samaki? Moyo wake ulikataa kabisa. Jioni alikwenda nyumbani, akafungua fundo, akakipiga pasi kitambaa cha Fataki. Asubuhi akakitandika. Kilienea kama kimepimwa. Akapanga vitu kila kimoja mahali pake: kikanda juu ya ua jekundu la kushoto, kifudifudi, ule upande laini unaogusa ngozi ya mtoto ulale juu ya uzi laini, vipima-joto juu ya majani, mpira wa moyo umejikunja juu ya ndege. Mpango huo hakuubadilisha hata siku moja. Ni mtu wa utaratibu, na utaratibu ndio uliokuja kumshitaki.

Titulaire alipoona alipiga makofi mawili, akausifu usafi. "Voilà! Ça, c'est propre. Muone Mama anafanya kazi na moyo." Wageni wa gari jeupe walipopita, walipiga picha sanduku na kitambaa chake, na mmoja akaomba Madeleine asimame pembeni. Picha hiyo inasemekana ipo kwenye ripoti fulani. Hakuna aliyeuliza taa za chini zinafanya kazi gani.

Basi ikapita miezi saba.

Vidonda vilianza kidogokidogo. Mtoto wa kwanza alirudishwa siku ya tano na vipele vya usaha kwenye unyayo. Wakasema ni joto. Wa pili, wakasema ni soksi ya mtumba. Wa tatu na wa nne walikuja wiki moja. Wa saba alikuwa mtoto wa Arlette, muuza sombe, yaani kisamvu, wa pale sokoni; kwake usaha uliingia ndani, homa ikapanda, wakampeleka hospitali kubwa kwa pikipiki, Arlette katikati na mtoto kifuani. Walikaa huko siku tisa. Mtoto akapona, na kovu likabaki mguuni. Lakini Arlette aliporudi sokoni alisema kwa sauti, na sauti ya muuza sombe si ya kunong'ona: "Pale banazalisha muzuri, kisha banaozesha batoto miguu!"

Titulaire akafungua daftari la zamu. Watoto saba, na wote saba walipokelewa na mkunga mmoja: Priscille.

Priscille ana miaka ishirini na saba, anaongea haraka, anacheka kwa nguvu, na alikuwa na kosa moja ambalo ukumbi mzima ulilijua: alipaka kucha rangi. Rangi ya zambarau. Sasa kila mtu akakumbuka jinsi anavyomshika mtoto miguu akimpiga mgongoni. Kucha! Nani asiyeona? Wenzake waliomwonea wivu waliona kwanza, na waliompenda waliona baadaye, lakini waliona. Titulaire akaandika ile barua inayoogopwa kuliko malaria, demande d'explication, yaani eleza kwa maandishi kwa nini usiadhibiwe, na akampa mpaka Jumatatu asubuhi. Nakala ikaenda ofisi ya juu. Kazi ya Priscille ilikuwa imening'inia hapo, na wote walijua kwamba mkunga aliyefukuzwa kwa kuozesha watoto hapati kituo kingine Bunia hii.

Priscille alikata kucha mpaka nyama. Akaja chumba cha vyombo, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mama Madeleine, mi naosha mikono. Weye unaniona."

"Nakuona."

"Naosha mpaka ngozi inatoka. Sasa niandike nini?"

"Andika ile uko nafanya, mwana wangu," Madeleine alisema, na akaendelea kusugua mkasi. Kusema kweli, hata yeye alikuwa na shaka juu ya zile kucha.

Jumamosi ndiyo siku ya kufua kitambaa. Kila Jumamosi Madeleine alikibeba nyumbani, akakifua, akakianika upande wa ndani nje, maana kila mwanamke ajuaye kufua anajua kwamba jua hula rangi na ni heri liule upande wa nyuma. Kwa muda wa majuma mengi kitambaa kilikuwa kimemsumbua kwa mambo mawili. Kwanza kimepauka, alilaumu sabuni za siku hizi. Pili, kwenye ua la kushoto kulikuwa na doa jekundu lililokolea, umbo la ulimi, na doa hilo halikutoka. Alilisugua kwa sabuni ya kipande, akalisugua kwa limau, akalisugua kwa chumvi. Doa likakaa palepale, likimtazama.

Jumamosi hiyo aliona kwamba pindo la ua lilelile limeanza kufumuka. Katika kopo la sindano alikuwa na kipande cha uzi mwekundu wa mama yake, uzi wa Fataki, umeviringishwa kwenye kijiti tangu enzi hizo na haujawahi kuona jua. Akautoa apime kama utafanana. Akaulaza juu ya ua: ua lilikuwa la rangi ya waridi lililokufa, uzi ukasimama juu yake kama damu. Haufanani hata kidogo. Akausogeza, ukaangukia juu ya doa.

Uzi ukapotea. Haukuonekana tena ulipo.

Madeleine alikaa chini. Alielewa kabla hajataka kuelewa. Doa halikuwa doa. Doa ndilo ua lenyewe, jinsi mama yake alivyolidarizi, na vingine vyote ndivyo vilivyokuwa vimeliwa rangi. Na lilikuwa na umbo la kikanda cha mtoto, na kile kijisanduku kidogo cha kitaa mwishoni. Akatazama ndege: katikati ya buluu iliyopauka kulikuwa na nyoka wa buluu nzuri aliyejikunja, umbo la mpira wa moyo. Juu ya majani kulikuwa na vijiti viwili vya kijani kibichi. Akakigeuza upande wa chini. Huko hakukuwa na umbo lolote. Huko kote kulikuwa kumeliwa sawasawa, kama shati lililosahauliwa kambani msimu mzima.

Hakuhitaji diploma. Mwanga ule ni kama jua: unakula unachokiona. Ule wa juu ulikuwa umeona mgongo wa kikanda, ukakomea hapo. Ule wa chini, uliowekwa makusudi ili uone tumbo la kikanda, ulikuwa umeona kitambaa cha mama yake miezi saba mfululizo, asubuhi na jioni. Si mvuke huu, haupenyi nguo. Na ule upande laini, aliolaza kifudifudi kwa mapenzi, upande unaogusa unyayo, haukuwahi kuona mwanga hata mara moja.

Na Priscille? Madeleine alihesabu wakunga kwa vidole. Wengine walikifunga kikanda kwa mtoto aliyeonekana kuwa na shida tu, maana kukifunga kunachukua muda. Priscille peke yake ndiye aliyemfunga kila mtoto, awe analia au asilie, kama kitabu kinavyosema. Ndiyo maana vidonda vilimfuata. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Madeleine alikuwa amekipiga pasi.

Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida na hakusikia mahubiri. Usimfikirie kuwa mtakatifu. Alikuwa akipiga hesabu ya woga. Angekiondoa kitambaa kimyakimya. Vidonda vingekwisha. Nani angejua? Ana miaka hamsini na tisa, hana diploma, hana mume, chumba ni cha kupanga, na Fataki hakuna wa kumrudia. Priscille ni kijana, ana cheti, ana wazazi. Mambo hayo yote yalikuwa kweli, na aliyarudia moyoni tena na tena. Priscille alikuwa ameketi safu mbili mbele yake. Waimbaji walipoanza na watu wakainua mikono, Priscille naye akainua yake, na Madeleine akaona vile vidole vilivyokatwa kucha mpaka nyama, vingine vina vidonda. Akatazama chini. Aliona haya.

Jumatatu alifika kabla ya mkutano wa asubuhi, akaingia ofisi ya Titulaire, akatandaza kitambaa juu ya makaratasi yake. Akaweka kikanda juu ya umbo lake. Kikaingia kama mguu ndani ya kiatu chake.

Lucien si mjinga. Alitazama, akakigeuza, akatazama tena, akainuka akafunga mlango. Aliporudi kitini alikuwa amepungua kidogo.

"Ulisema na nani?"

"Na weye tu."

"Muzuri. Mama, sikiliza. Toa ile kitambaa leo, usirudishe tena. Tunyamaze. Rapport ya ofisi imeshaenda."

"Na Priscille?"

"Nitamutetea. Atapata avertissement, onyo tu, tutamubadilisha zamu. Yeye iko na diplome, Mama. Weye, nikiandika jina yako, banakutosha ku kazi kesho. Niko nakusaidia."

Na alikuwa anamsaidia kweli, tusimwonee. Alikuwa pia anajisaidia mwenyewe, maana sahihi ya mafunzo ilikuwa yake, na makofi mawili yalikuwa yake. Mtu anaweza kubeba nia mbili kwa mkono mmoja.

Madeleine alikikunja kitambaa mara nne, akakipiga kiganja kukinyoosha. "Titulaire, ile unasema nasikia. Unanihurumia, Mungu akubariki. Lakini ile vidonda iko na mwenyewe. Ile barua uliandika, toa jina ya ule mutoto Priscille, weka yangu."

"Barua haibadilishwe vile, Mama."

"Basi andika ingine. Karatasi iko."

Akatoka. Kwenye mkutano, mbele ya wote kumi na mmoja, kabla Priscille hajasoma jibu lake alilokesha akiliandika, Madeleine alisimama akakitandaza kile kitambaa mezani na akaeleza kwa Kiswahili cha kawaida, bila kulia na bila kupamba. Wale walioona kucha kwanza walitazama viatu vyao. Mmoja alisema polepole, "Kumbe!"

Barua ya Madeleine ilitoka mchana huohuo. Ilikuwa barua ya kwanza kuandikiwa na kazi yake tangu aingie hapo, imeandikwa jina lake lote, Madame mbele. Kwa kuwa Kifaransa cha kuandika hana, Priscille ndiye aliyekaa naye kumwandikia jibu, juu ya ileile ndoo.

"Mama, niandike ulikosa, ama niandike haukufundishwa?"

"Andika yote mbili."

"Bakiona haukufundishwa, kosa itakuwa ya bengine."

"Na ikiwa vile, juu ya nini unitoe mimi? Yote mbili, mwana wangu. Mi njo nilitandika."

Priscille akaandika. Machozi yalidondoka kwenye karatasi, ikabidi aanze upya.

Sasa, barua ya namna hiyo hutaka ushahidi, na ushahidi hutaka kuwa annexe, yaani kiambatisho, na annexe isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Titulaire alizunguka kitambaa akitafuta pa kuandika. Mwisho akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika "Annexe 1" kwenye pembe, chini ya ua. Kisha akaupiga muhuri wa kituo. Wino wa zambarau ulizama kwenye nyuzi za mama yake. Madeleine alikuwa amesimama hapo, mikono nyuma. Alisema neno moja tu: "Polepole."

Kitambaa kikaenda ofisini ndani ya bahasha ya kaki.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Priscille hana kosa. Onyo la maandishi kwa Madeleine, na onyo jingine la maandishi kwa Titulaire, ambaye aliliweka kwenye droo akalifunga kwa ufunguo. Wafadhili wakamtuma fundi wa sanduku na mafunzo yakafanyika upya, mara hii ndani ya chumba chenyewe, kwa Kiswahili, bila chai. Alisema mwanga huu unaua kile unachokiona tu. Usiuzibie, usirundike, geuza chombo katikati ya kazi. Madeleine alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ile tunajua." Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo. Siku ya kwanza baada ya hapo alipokilaza kikanda juu ya waya tupu, mkono wake ulipita chini yake kunyoosha mikunjo, na hapakuwa na kitu cha kunyoosha.

Kitambaa alikiulizia mara mbili. Ofisi ikajibu kwamba ni pièce, yaani ushahidi wa faili, na kilichomo kwenye faili hakitoki. Lakini kwa kumwonea huruma wakamtumia fotokopi. Karatasi mbili zilizounganishwa kwa gundi, nyeusi na nyeupe. Maua yalitoka kijivu, ndege walionekana shingo tu, muhuri ulitoka vizuri kabisa, na lile umbo la kikanda likatoka jeusi, jeusi ti. Madeleine aliishika siku nzima bila kujua aiweke wapi. Mwisho akaibandika nje ya mlango wa chumba chake, upande wa ukumbi, na hakuandika kitu.

Kulikuwa kumebaki jambo moja ambalo barua hazikulifikia. Tangu Jumatatu ile ya mkutano Madeleine alikuwa akinunua sombe kwa mwingine, akizunguka soko lote ili asipite mbele ya Arlette. Mtu aliyesema mbele ya Titulaire na mbele ya wenzake kumi na mmoja alikuwa akimkimbia muuza sombe. Ikawa hivyo mpaka siku ya chanjo, Arlette alipokuja mwenyewe. Akina mama walijaa ukumbini, foleni ikasogea mpaka kwenye mlango wa vyombo, na Madeleine alipotoka na bakuli la mikasi akamkuta amesimama hapo, mtoto mgongoni, akitazama karatasi.

"Mama, hii ni picha ya nini?"

Angeweza kusema ni ya kazi. Aliweka bakuli chini.

"Ni kitambaa ya mama yangu. Niliitandika ndani ya mashini, nikafikiri ni heshima. Hapa kwenye iko nyeusi, mwanga haikufika. Ni fasi ya ile kamba banafungaka batoto ku muguu." Akamtazama Arlette usoni. "Si Priscille. Ni mimi njo niliumiza mutoto wako. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Arlette akamshusha mtoto kutoka mgongoni, akamkalisha kwenye mkono, akamvua soksi. Kovu lilikuwepo kwenye unyayo, linang'aa, umbo la ulimi mdogo. Akalitazama kovu, akatazama karatasi, akarudi kulitazama kovu. Mtoto alikunja vidole vya mguu. Wanawake wa nyuma walianza kuuliza kwa nini foleni haiendi.

"Kitambaa yenyewe iko wapi?"

"Walibaki nayo ku bureau. Haitarudi."

"Na mama yako?"

"Alibaki Fataki."

Arlette akaelewa, maana Bunia nzima inaelewa neno hilo linaposemwa hivyo. Akamvisha mtoto soksi, akaivuta vizuri mpaka kwenye kisigino.

"Pole, Mama," akasema. Kisha akampa Madeleine mtoto amshike, ili yeye atafute kadi ya chanjo mfukoni.